Mzee Peniel na Mafuta ya Uduvi

Pale Ilongero, ukipika kiumbe cha majini kisicho na mapezi na magamba, Mzee Peniel anajua kabla hakijaiva. Ni mzee wa kanisa la Wasabato, ambao kwao viumbe hivyo ni najisi, na pua yake hufanya kazi ya Bwana siku zote saba, Sabato ikiwemo. Dorika, muuguzi, aliwahi kuwapikia wageni kambale. Peniel akamsimamisha mbele ya baraza la kanisa mpaka binti wa watu akalia. Kambale mmoja tu, tena mdogo!

Lakini Mungu naye ana mizaha yake. Magoti ya Peniel yalianza kumuuma hata akashindwa kuinama kupalilia alizeti. Mwanawe Noel, aliyeko Dodoma, akamtumia chupa ya vidonge vyekundu laini, akisema ni mafuta ya bahari, mazuri kwa moyo na viungo. Mzee akameza. Haikupita miezi mingi akawa anaendesha baiskeli hadi Mtinko. Huenda yalikuwa mafuta, huenda magoti yenyewe yalichoka kulalamika; hata wataalamu hawajakubaliana. Siku moja akampigia Noel simu kuomba chupa nyingine, akauliza ni samaki gani huyo.

"Siyo samaki, baba. Ni krili, vidudu kama uduvi."

Hana mapezi, hana magamba. Peniel akashukuru, akaagiza chupa mbili. Tangu hapo akawa anamezea stoo, nyuma ya magunia ya mtama, mkewe Lea asimwone.

Mwaka huu ngiri ikamshika, akapelekwa hospitali kupasuliwa. Na muuguzi wa zamu ni nani? Dorika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nitajie kila unachomeza, hata dawa za kienyeji, hata za kuagiza mtandaoni. Kuna vitu vinachelewesha damu kuganda. Daktari akikupasua, itatoka isisimame."

Lea alikuwa ameketi pembeni. Peniel akamtazama mkewe, akamtazama Dorika.

"Ile aspirini ya moyo tu, na mmeshanisimamishia."

Wakamvika gauni la kijani lililo wazi mgongoni, wakamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Alipofika mlangoni mwa chumba cha upasuaji na kuona zile taa, ushujaa wote ukamtoka.

"Simameni! Nameza uduvi! Mwaka mzima nameza uduvi!"

Korido nzima iligeuka, Lea akiwemo. Dorika alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi simlaumu. Kisha akajifuta macho, akamwita daktari. Daktari akasema hana hakika kwamba mafuta yale yangeleta shida, lakini habahatishi na damu ya mtu: ayaache, arudi baada ya wiki mbili. Tena ashukuru hana mzio wa kamba wa baharini, maana wenye mzio huo vidonge hivyo vinaweza kuwavimbisha hata koo.

Kwenye bajaji ya kurudi nyumbani, walipouacha mji, Lea akamgeukia mumewe.

"Baba Noel, ulipomdanganya yule binti, ulikuwa umesikia alivyosema kuhusu damu?"

"Nilisikia."

"Ukaona heri nikuzike kuliko nijue unameza uduvi?"

Mzee Peniel alitafuta andiko la kujitetea, akalikosa.

"Ndiyo, mama," akasema.

Lea akajifunika uso kwa kanga, akalia kilio cha mjane, na mumewe ameketi pale pale ubavuni mwake.