Ng'ombe Hawa Si Mauzo

Mwaka nilioolewa, ofisi ya kodi ilinihesabu pamoja na vitenge.

Mama yangu ana duka Tarime mjini, hatua chache kutoka stendi. Anauza vitenge na mablanketi. Alilifungua baada ya baba kufariki, wakati shemeji zake walipomwambia mjane hukaa shambani. Hakukaa. Kila mwanzo wa mwaka alikwenda kukadiriwa kodi, akalipa kwa awamu nne, akarudi dukani kifua mbele. Risiti alizitunza kwenye kopo la majani ya chai. Kuhusu kodi alikuwa na kauli moja tu, kwamba anayelipa haki yake haongei na mtu akiwa ameinama.

Kosa la mama lilitokana na mahari yangu. Watu wa mume wangu ni Wakurya wenzetu wa upande wa Kenya, na kuvusha ng'ombe mpakani ni shughuli ya vibali na chanjo. Wazee wakakubaliana ng'ombe walio wengi waje kama fedha. Katika ukoo wetu hata ng'ombe wa fedha hupewa rangi. Wakati wa makubaliano wazee hutaja mwekundu, mweusi mwenye paji jeupe, wa kijivu mwenye ndama, kila mmoja na bei yake. Jumla haitajwi. Ng'ombe anayehesabiwa kwa sauti, husema wazee, anaitiwa kifo.

Sasa fedha hiyo ikae wapi? Namba ya simu ya mama inajulikana na ukoo mzima. Ikilala humo siku mbili, shemeji mmoja ana mgonjwa, mwingine ana kesi, wa tatu ana kiu. Mama akawapa wakwe namba ya malipo ya dukani. Alisema fedha ya duka haikopwi. Nilicheka, nikaona nina mama mwenye akili kuliko baraza zima la wazee. Kwa miezi kadhaa ng'ombe wangu waliingia humo mmoja mmoja, bila neno lolote la maelezo, katikati ya malipo ya blanketi na vitenge.

Tulipokwenda kukadiriwa, kijana wa dirishani alimpa mama shikamoo, akafungua kwenye kompyuta taarifa ya ile namba. Akakunja uso. Akasema biashara imekua sana, hongera. Kisha akachapisha karatasi. Kodi ilikuwa mara tatu ya mwaka uliopita.

Mama aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena. Kwa kodi ile angefunga duka kabla ya mavuno. Akaweka kidole juu ya tarakimu moja kwenye taarifa.

"Hii ni nini, mura?" akamuuliza, akimwita kijana kwa Kikurya.

"Mauzo, mama."

"Huyu ni binti yangu. Amesimama hapa. Sikumuuza."

Waliokuwa kwenye foleni walicheka, na mimi nilitamani ardhi inimeze, halafu nikajikasirikia kwa kutamani hivyo. Kijana hakucheka. Alieleza kwa adabu kwamba yeye haoni mabinti, anaona miamala, na kama tunapinga, tupinge kwa maandishi ndani ya siku thelathini na tulete ushahidi. Wakati tunasubiri jibu, mama alipe kile asichokibishia au theluthi ya kodi yote, kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili.

Njiani mama mmoja muuza nguo alitushauri tutafute mtu wa ndani, tumpe kitu kidogo, yaishe. Mama alimjibu kwamba hatanunua haki ambayo tayari ni yake. Jioni ile niliacha riwaya niliyokuwa naandika, nikaanza kuandika barua ya pingamizi. Sijawahi kuandika kitu kwa hasira safi namna ile. Nilichukua taarifa ya miezi kumi na miwili na kalamu mbili. Malipo ya wateja nikayapigia mstari wa bluu, ya wakwe mwekundu. Nilipomaliza, nilikuwa nimetapakaa kwenye kurasa zile kama upele.

Ila mistari yangu haikuwa ushahidi. Tulihitaji wazee waandike kwamba fedha ile ni mahari, kisha mtendaji wa kata athibitishe. Tukaenda kijijini kwa baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, aliyesimamia makubaliano. Alitusikiliza akinusa ugoro. Halafu akakataa. Serikali ikipewa idadi ya ng'ombe, alisema, watakufa, na wasipokufa itakuja kuwatafuta zizini. Tena ni nani aliyemwambia mwanamke atunze mahari?

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, mahali pa wanawake kwenye mazungumzo ya ng'ombe. Akainuka.

"Usihesabu, shemeji. Kaa kimya tu. Nitawataja mimi."

Akaanza. Mwekundu wa kwanza, siku fulani, bei fulani. Mweusi mwenye paji jeupe. Wa kijivu mwenye ndama. Aliwataja wote bila karatasi, rangi na bei, na kila alipotaja niliona mstari wangu mwekundu ukilingana naye. Baba mkubwa alijaribu kumkatiza mara moja, akidai yule wa kijivu hakuwa na ndama. Mama akamkumbusha ni yeye mwenyewe aliyemdai huyo ndama hadi wakwe wakataka kuondoka. Kwa sauti ya mtu anayeokoa heshima yake, mzee akasema kwamba rangi zinaweza kuandikwa. Jumla isiwekwe. Nikaandika hivyohivyo, ng'ombe chini ya ng'ombe, bila jumla. Yeye na shahidi wa upande wa wakwe, aliyevuka mpaka kwa ajili hiyo, wakatia saini, mtendaji akagonga muhuri.

Siku ya kumi na tisa tulirudi dirishani. Kijana alisoma ile orodha, akatafuta jumla, hakuiona. Akachukua kalamu, akahesabu mwenyewe, kimyakimya, midomo ikicheza. Mama alitazama pembeni.

"Na hawa ng'ombe wako wapi sasa?" kijana akauliza.

Hapo mama angeweza kudanganya. Nilimwona akifikiri.

"Wawili nimewatia dukani, wamekuwa mablanketi," akasema. "Huo ni mtaji. Nikiyauza, yaandike. Waliobaki ni wa nyumba yangu, huwaandiki."

Kijana alipokea barua yetu. Mama akasukuma nakala ya pili chini ya kioo, akasema hatoki pale mpaka nayo igongwe muhuri wa kupokelewa. Foleni ililalamika. Hakutoka mpaka ikagongwa. Akalipa theluthi kwa namba ya malipo ya serikali, kwenye benki. Hakumpa mtu fedha mkononi.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa. Mahari iliondolewa. Kodi ilizidi kidogo ile ya mwaka wa nyuma, kwa sababu biashara nayo ilikuwa imekua kweli, na hilo mama hakulibishia. Alimalizia kidogo kilichobaki juu ya ile theluthi.

Kama una kibanda, cherehani au pikipiki ya kukodisha, chukua hili kwa mama yangu, hatanidai hakimiliki. Fedha ya familia usiipitishe kwenye namba ya biashara. Ukilazimika, mtumaji aandike ni ya nini. Andika mauzo ya kila siku, hata kwenye daftari la shule. Na karatasi ikikuonea, zihesabu siku zako za kupinga.

Mama sasa ana laini ya tatu, ya nyumba tu. Juzi baba mkubwa alikuja dukani kuomba namba ya laini hiyo. Mama alimuuzia blanketi, akampa risiti, akamwambia namba ya zamani aliyonayo inamtosha.