Mafundi wa Ng'ambo Waliopima Saketi Yangu

Nilipokuwa shule ya jioni pale Makutano, Meru, nikisomea umeme, kuna uvumi niliumeza mzima mzima bila hata maji: kwamba ukichora saketi, yaani njia ya umeme na vifaa vyake, kwenye kompyuta na kubonyeza kitufe cha kuijaribu, mchoro unaruka hadi ng'ambo, kwenye jumba refu kuliko Mlima Kenya, ambako mafundi elfu moja wanaiunganisha mbio mbio, wanaipima, na kukuletea majibu kabla hujamaliza kupiga chafya. Aliyeniambia ni mwenzangu wa dawati. Nilimwamini kwa sababu alisema kwa uchungu, kana kwamba ana shemeji huko.

Wakati huo, nyumbani Nkubu, mke wangu alikuwa na vifaranga wachanga, na baridi ya Julai ilikuwa ikiwamaliza. Jiko la makaa liliwakaba kwa moshi, basi akawa anawabeba ndani ya sweta yake, hata akipika. Alitembea kifua kikilia piyo piyo kama redio mbovu. Nikamwahidi taa itakayojiwasha baridi ikizidi na kujizima joto likitosha.

Nikachora saketi yake darasani. Programu ikagoma, ikaandika kwamba haipati jibu. Niliwahurumia mafundi, labda wanakula. Nikangoja. Ikagoma tena. Nikampigia mke wangu simu, nikamweleza kuwa mafundi hawajibu.

"Umewasalimia kwanza?" akauliza.

"Bado."

"Wewe nawe! Unatuma watu kazi kama punda?"

Nikaandika kando ya mchoro: Hamjambo waheshimiwa, poleni na kazi.

"Waambie basi kifaranga mmoja amekufa asubuhi," akasema, kwa sauti ndogo.

Hilo pia nikaliandika. Mwalimu wetu akapita nyuma yangu, akaangalia mchoro, akasema, "Mbona hujaweka arthi?" Nikaiweka, ile alama ya waya unaoshuka ardhini. Papo hapo mstari wa jibu ukapanda kwenye skrini. Nikaona ni haki yao: fundi naye anataka mahali pa kuanzia.

Niliiunda ile taa kama ilivyochorwa. Vifaranga wakalala wametawanyika juu ya gunia, matumbo wazi kama watalii, na sweta ikafuliwa kwa mara ya kwanza tangu Uhuru. Mke wangu alikaa akiwatazama, chai ikapoa mkononi.

"Hao watu wa ng'ambo," akasema, "waulizie kama wanakula ndizi. Tuwatumie mkungu."

Nikaenda kumuuliza mwalimu anwani yao. Alivua miwani.

"Hakuna mtu huko, baba. Mchoro wako hautoki ndani ya hii kompyuta. Kila mahali nyaya zinapokutana, programu inaandika hesabu: umeme unaoingia lazima ulingane na unaotoka. Halafu inakisia volteji, inaangalia imekosea kiasi gani, inarekebisha, inakisia tena, hadi makisio yaache kusogea. Na volteji zote inazihesabu kuanzia kwa arthi. Wewe hukuwa umeiweka, kwa hivyo majibu yalikuwa mengi mno, haikujua ishike lipi."