Mazoezi ya Baridi Matrah

Kaka yangu ana tabia moja inayoniudhi tangu tukiwa wadogo: akishaamua jambo, hulitangaza watu wakiwa na tonge mdomoni, ili asipatikane wa kumjibu. Ijumaa ile tulikuwa nyumbani kwa Mama, Wattaya, hapa Maskati, tunakula biriani. Akafuta mkono, akasema tiketi za meli ziko tayari, tunakwenda Norwe mwezi wa pili kuona theluji: yeye, mkewe, binti zake wawili na mimi. Kisha, kwa sauti ile ya kumbembeleza mgonjwa, akaongeza kwamba Mama atabaki na msaidizi wa nyumbani, maana baridi ya huko si ya mchezo na magoti yake hayataki ngazi.

Mama alikuwa na miaka sabini na nne. Tangu Baba afariki, mipango mingi ya familia yetu ilianza hivyo. Mama atabaki, sisi twende Salala. Mama atabaki, sisi twende harusini Nizwa. Yeye hakulalamika hata mara moja, na sisi tukakichukua kimya chake kuwa ni ridhaa. Siku hiyo aliisukuma sahani yake katikati ya mkeka.

"Na miye nnataka kwenda," alisema. "Nimechoka kuletewa picha."

"Mama, kule utaganda."

"Weye umeganda mara ngapi huko, hata ukajua?"

Mimi ni mwalimu wa hisabati na hasira zangu ziko karibu. Nilimwambia kaka kwamba Mama akibaki, na mimi sendi, na tiketi yangu aitie kwenye achari. Binti zake wakacheka, naye hapendi kuchekwa mbele yao, kwa hiyo akatoa masharti mawili. La kwanza, Mama akae nusu saa kwenye baridi ya kweli, tumwone. La pili, mimi nionyeshe vipi tutamfikisha melini bila ya kumbeba. Wenye meli walikuwa wametuandikia kwamba siku ya kupanda, barabara ya gatini itafungwa kwa magari madogo kwa ajili ya mashindano ya kuteleza kwenye theluji. Abiria wapande treni kutoka uwanja wa ndege, kisha basi la mji.

"Sisi hata basi la hapa Maskati hatujawahi kulipanda," kaka alisema, na kwa hilo alikuwa na haki.

Baridi ya kweli nilijua pa kuipata. Binamu yetu ni mfanyabiashara wa samaki Matrah, na ana stoo ya barafu ambayo ndani yake nguru hukauka kama magogo. Nilimpigia simu, akacheka mpaka akakohoa, akakubali.

Nilimvalisha Mama kwa akili yangu yote. Kanzu ya pamba, juu yake kanzu nyingine ya pamba, khanga mbili, sweta la pamba, buibui, mtandio mzito, na soksi jozi tatu ndani ya viatu vya kufunga. Sisi tuliokulia kwenye joto, baridi tunaijua ya kiyoyozi tu, na dawa yake ni kuongeza nguo. Nikaamini ni hesabu ya kujumlisha. Kutoka tulipoegesha gari hadi mlango wa stoo, Mama alitembea juani akiwa mnene kama godoro lililokunjwa, jasho likimtiririka shingoni.

Ndani hakumaliza dakika kumi. Midomo ilibadilika rangi, meno yakagongana, na mikono yake nilipoishika ilikuwa ya baridi mpaka nikaogopa. Kaka akamtoa nje mwenyewe, amemkumbatia.

"Khalas, Mama. Umeona mwenyewe," alimwambia. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Alipokwenda kuleta gari, mfanyakazi wa stoo alitusogelea, mtu wa Mwanza, amevaa koti kubwa lenye magamba ya samaki. Alimwamkia Mama shikamoo, Mama akamwitikia kwa meno yanayotetemeka. Kisha akanigeukia.

"Dada, samahani, usinielewe vibaya. Umemvalisha pamba tupu. Pamba ikishalowa jasho, humu ndani inakuwa kama umemfunga taulo la maji ya barafu. Mwilini anatakiwa avae sufu, nyembamba tu, halafu jasho limkauke kabla hajaingia. Na soksi zote hizo zimembana, damu haipiti."

"Wewe umejuaje?"

"Mimi niko humu mwaka wa nne, dada. Hesabu vidole." Akavua glavu akanionyesha, vyote kumi.

Usilolijua ni usiku wa kiza. Njia nzima mpaka Wattaya Mama alitazama nje ya dirisha. Niliona aibu kubwa, kwa sababu alikuwa ameshindwa kwa kosa langu, na kila mtu ndani ya gari lile aliamini ni uzee wake.

Kesho yake niligonga mlango wa jirani, ambaye binti yake alisomea udaktari Urusi. Akanifungulia sanduku zima: fulana za sufu, suruali za sufu, soksi, viatu vipana vyenye manyoya ndani. Mama aliishika ile suruali kwa vidole viwili.

"Suruali! Marehemu baba yenu angeniona leo, angerudi alikotoka."

"Itakuwa chini ya buibui, Mama. Hakuna atakayeiona."

"Nani kasema siitaki? Niletee kioo."

Kaka akakubali Mama ajaribu tena stoo, likabaki suala la njia. Nilikwenda kwa kaka kuangalia mizigo, nikakuta masanduku manane kwa watu sita. Moja lilikuwa la wifi, la chakula: mchele, achari, halua, birika la kahawa na, wallahi nasema kweli, mbuzi ya kukunia nazi.

"Utakuna nazi gani Norwe?" nilimwuliza.

"Na ikipatikana?"

Nilimkalisha kitako nikampa hesabu. Watu sita. Mama habebi kitu. Mtu mmoja lazima awe na mikono miwili mitupu kwa ajili ya Mama, na huyo ni mimi. Wanabaki wanne, kila mmoja na sanduku moja analoweza kulinyanyua mwenyewe. Manne, basi. Wifi alinuna siku mbili. Mbuzi ikarudi jikoni, ingawa halua sikuthubutu kuigusa, maana na mimi ni mtu.

Jumamosi iliyofuata nikawapeleka wote kituo cha basi, Wattaya, masanduku mkononi, tupande basi la kwenda Matrah. Kaka alikuwa amevaa kanzu yake ya dishdasha iliyonyooshwa na kilemba chake cha kazini, macho yanakwenda huku na huku asije akaonekana na mtu wa ofisini. Basi liliposimama, dereva alitutazama kwa huruma, akatwambia kwa Kiarabu kwamba uwanja wa ndege ni upande ule mwingine.

"Tunakwenda sokoni," nilimjibu.

"Na masanduku yote haya?"

"Tunajifunza."

Mama alikwama kwenye kidato cha kwanza. Aliweka goti bovu mbele, likakataa, na watu walikuwa nyuma yetu. Kaka akaweka sanduku chini, yuko tayari kumnyanyua. "Usimguse!" nilimkemea. Tukarudi chini, tukaanza tena kwa mguu mzima, mimi nimemshika kiwiko, akapanda. Wakati wa kushuka Matrah tukageuza, mguu mbovu ukatangulia, akashuka mwenyewe kabisa. Binti za kaka wakampigia makofi, na abiria wawili watatu wasiojua lolote nao wakapiga.

Tulipumzika kivulini nje ya stoo ya binamu, Mama na sufu yake chini ya buibui, mpaka jasho likakauka. Safari hii kaka alisema ataingia na Mama, amchunge. Juu ya dishdasha yake ya pamba alivaa jaketi la bei aliloagizia safari. Yule mtu wa Mwanza alimtazama kuanzia jaketi mpaka ndara, akawafungulia mlango na kuingia nao. Mlango ukafungwa, sisi tukabaki kwenye kidirisha cha kioo.

Mama alikaa juu ya kreti. Dakika tano akawa anawakagua samaki. Dakika kumi nikamwona anamwonyesha yule mtu wa Mwanza kwa kidole, na baadaye nikaambiwa alikuwa anamgombeza kwamba nguru wamekatwa vibaya, vichwa vimeondoka na nyama nzuri ya shingo. Kaka alianza kwa kukunja mikono, akaja kuikanyaga miguu papo kwa papo, akaja kuingiza mikono kwapani. Dakika ya kumi na nane alitoka na simu sikioni.

"Nimepigiwa," alisema. Simu ilikuwa haina hata mwanga.

Nusu saa ilipotimia nilifungua mlango. Mama alinifukuza kwa mkono, hajamaliza kuhusu nguru. Alitoka dakika ya arubaini, mashavu mekundu, mikono ina moto kunishinda mimi niliyekuwa nje.

Nilipiga kigelegele. Mwalimu mzima, katikati ya soko la samaki Matrah, na sijuti. Kaka alisimama pale anasugua masikio yake.

"Maji umeyavulia nguo," nilimwambia.

"Najua, najua. Nitayaoga." Akaitoa ile simu yake na kumkatia Mama tiketi pale pale, amesimama kwenye maji ya samaki.

Norwe tulifika kukiwa na theluji nyembamba inayoanguka. Tulipanda treni, tukapanda basi la mji, mguu mzima mbele, masanduku manne, mikono yangu miwili kwa Mama. Mlangoni mwa meli walituletea kigari cha wagonjwa. Mama akakishukuru kwa kukipungia mkono, akakipita.

Meli ilipong'oa nanga sote tulikuwa juu, kwenye baraza. Baada ya muda wifi na binti zake wakakimbilia ndani kwenye chai, na mimi nikasimama mlangoni. Theluji ilikuwa inatua juu ya mtandio wa Mama, naye ameinua uso, ameufumbua mdomo kama mtoto.

"Mama, twende ndani," kaka alimwambia. "Inatosha sasa."

"Nenda weye. Miye sijashiba."

Kaka alisimama. Nilimjua, alikuwa anatafuta amri ya kutoa. Badala yake alivuta kiti, akapangusa theluji, akakaa kando yake. Kisha nikamsikia anamwuliza jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza tangu Baba afariki, na mimi mwenyewe nikiwamo.

"Mwakani unapenda twende wapi, Mama?"

"Ngoja," alisema, bado anaangalia juu. "Nafikiri."