Mama Gundi na Mashine ya Kukereza

Mtaa mzima ulimwita Mama Gundi, naye hakukasirika, maana ilikuwa kweli tupu. Hata siku ya harusi, amejipamba akapambika, ncha za vidole vyake zilibaki na magamba ya gundi. Kazi yake ilikuwa kukata vipande vya mbao nyekundu, nyeupe na nyeusi, kuviunganisha kuwa pete, kisha kupandanisha pete juu ya pete kama fundi apangavyo matofali, ili viungo visikae mstari mmoja. Kigogo hicho kikikauka, anamkabidhi mumewe. Mume anakifunga kwenye mashine ya kukereza, kinazunguka, anakichonga kwa patasi ndefu, na ndani ya lile gogo la viraka linatoka bakuli jembamba, lina michirizi ya rangi kiunoni na nakshi ya vitone ukingoni. Watu walisifu bakuli, wakamsifu mume. Wa gundi nani amkumbuke?

Na mume mwenyewe, tusifichane, alijisikia. Mkewe akiisogelea mashine hata kwa ufagio tu, alimaka kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Kisha kiharusi kikamwangusha. Alipona, Mungu mkubwa, ila mkono wa kulia ulibaki umelala pajani. Akawa mtu wa kukaa kibarazani amenuna, hataki hata kusikia habari za mbao. Siku moja akasema kwa ulimi mzito, "Seremala wa pale kona anaitaka mashine. Nimemwambia Jumamosi aje aichukue."

Mashine ikitoka mlangoni, Mama Gundi alijua, mumewe hatanyanyuka tena kwenye kile kiti. Na yeye, pete zake ampelekee nani?

Mchana ule aliingia karakana, akafunga pete zilizokuwa zimekauka, akawasha. Hakuwahi kushika patasi ile, lakini alikuwa ameisikiliza miaka yote akiwa chumba cha pili. Alijua mbao nene hunguruma, na ikikaribia kuwa nyembamba huanza kuimba. Akachonga polepole, jasho likimtiririka. Bakuli likaimba. Akajiambia, kidogo tu tena. Paa! Vipande vikatawanyika mpaka dirishani.

Alipogeuka, mumewe alikuwa amesimama mlangoni na mkongojo wake.

"Umeliua," akasema.

"Nimeliua, baba."

"Ulilisikia likiimba?"

"Nililisikia."

"Sasa mbona hukuacha?"

"Nilitaka liwe jembamba kama la kwako."

Mzee akamtazama. Mdomo ukamcheza upande mmoja, ule mzima, na kicheko kikamtoka, cha kwanza tangu augue. "Kumbe na wewe una maringo hivyo! Mimi nilivunja mangapi kabla hujaniona fundi? Nilikuwa nayachomea jikoni, usijue."

"Na mimi nikidhani unaniwashia moto kwa kunionea huruma!"

"Funga lingine," akasema, akavuta kigoda.

Jumamosi asubuhi walikuwa wote karakana. Mama Gundi anachonga, mzee amekaa nyuma yake, na makubaliano ni kwamba akiinua mkono wa kushoto, patasi iondoke. Mbao ikanguruma, ikalainika, ikaanza kuimba. Mzee akainua mkono haraka, akakuta patasi imeshaondoka. Mkono ukabaki hewani, mwenyewe hajui auweke wapi. Mwishowe akautumia kufuta macho, akasingizia vumbi.

Baadaye akaomba kile kigurudumu cha meno cha kutilia nakshi. Mkewe alimshikilia kiwiko, naye akakikandamiza ukingoni kwa mkono wa kushoto. Vitone vilipanda na kushuka kidogo, havikunyooka kama vya zamani. Mama Gundi aliviona vinapendeza hivyo hivyo, akamwambia.

Hodi ikapigwa. Seremala alikuwa nje na mkokoteni, kamba begani.

"Shikamoo, mzee. Nimefuata ule mzigo wetu."

Mzee alimgeukia mkewe, aliyejaa unga wa mbao mpaka kwenye nyusi, patasi bado mkononi.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Utanisamehe kwa kukusumbua. Mashine ina mtu."