Umeme wa Kuifuatia Zohali

Wateja waliokuwa wakingoja kwenye benchi walikwisha kuizoea tabia ya kinyozi wao. Mkono wake ukisimama ghafla juu ya kichwa cha mtu, mashine ikinguruma hewani bila kazi, walijua mawazo yamempeleka darini.

"Mnajimu kaondoka," alisema mmoja.

"Mwache, anaangalia kesho yangu."

"Kesho yako naiona kwenye kioo hapo: nusu upara, nusu kichaka."

Kinyozi alicheka nao, akamalizia upande uliobaki. Jina hilo la Mnajimu halikumkaa vizuri. Walimbandika tangu mteja mmoja mzee, mwalimu wa jiografia aliyekuwa akihama, alipomwachia darubini yake, kwa kuwa ndiye mtu pekee aliyewahi kumuuliza inavyofanya kazi. Tangu hapo watu wakikaa kitini walitaka waambiwe kama watapata safari, kama mchumba atakubali. Yeye hakutaka nyota zimwambie habari za watu. Alitaka zimwambie habari zao wenyewe.

Lakini wiki hiyo aliyekuwa akimnyima raha hakuwa nyota. Alikuwa mama yake.

Waliishi pamoja katika vyumba viwili juu ya saluni, na juu ya vyumba hivyo palikuwa na dari tupu ya saruji, wazi kwa mbingu, mahali pa darubini. Magoti ya mama yalikuwa yamegombana na ngazi siku nyingi. Jumamosi dada mkubwa angemchukua akakae kwake, nyumba ya chini isiyo na kidato hata kimoja. Mama hakulalamika. Aliomba jambo moja tu.

"Hiyo nyota yenye pete unayowasimulia watu huko chini. Nataka kuiona kabla sijaondoka. Ngazi hizi nikizishuka Jumamosi, sizipandi tena."

"Zohali, mama. Si nyota, ni sayari."

"Iwe itakavyokuwa. Nionyeshe."

Kuonyesha kulikuwa na kazi yake. Kwa kuwa dunia inazunguka, sayari iliyokuzwa kiasi hicho huteleza, ikaivuka lenzi na kutoka upande wa pili kabla mtu hajamaliza kupiga chafya mbili tatu. Kijana huinama, akaona, akainuka. Mama alihitaji kushikwa mkono, kukalishwa kitini, kuvua miwani, kufuta jicho, kisha kuuliza ni jicho gani la kufumba. Alipokuwa tayari, Zohali ilikuwa imeshajiondokea.

"Nimeona giza," alisema mara ya kwanza. "Giza zuri, lakini giza."

Kwa hiyo darubini ilihitaji kwenda pamoja na sayari, polepole, yenyewe. Mota ya kuigeuza ilikuwepo, imefungwa kwenye miguu mitatu ya darubini tangu enzi za mwalimu. Kilichokosekana ni umeme wa kuilisha: volti kumi na mbili, tulivu, zisizopanda wala kushuka. Umeme wa nyumbani haukuwa na utulivu huo. Jirani akiwasha pasi, taa za kinyozi zilisinzia. Chaja ya dukani aliyojaribu kwanza iliifanya mota iruke kama panzi, kisha ikatoa harufu mbaya na kunyamaza moja kwa moja.

Akavuka barabara kwa fundi redio, mtu mnene mwenye maneno mengi, akamwomba amfundishe.

"Nikufundishe mimi? Wewe si unasoma mbinguni?"

"Huko hawajaandika habari za transfoma, fundi."

Fundi akacheka mpaka bisibisi ikamtoka mkononi, akamfundisha. Walitoa transfoma kwenye redio kuukuu iliyokufa. Wakaweka dayodi nne za kuunyoosha umeme, kapasita mbili nene za kuulainisha, na fyuzi ya kulinda vyote. Mwisho kikaja kidude cheusi chenye miguu mitatu, kisichozidi ukucha wa kidole gumba, ambacho kazi yake ni kuzuia: kinapokea umeme ulio mwingi, kinatoa volti kumi na mbili tu, na kinachozidi kinakigeuza joto. Kinyozi alilehemu kwa mkono wake mwenyewe, kila kiungo kiking'aa.

"Umelehemu kama unamchonga ndevu bwana harusi," fundi alisema.

Vyote vikaingia katika mkebe wa bati uliowahi kuwa wa biskuti, ukiwa na matundu pembeni. Saluni, mezani, mkebe uliiendesha mota mchana kutwa bila kusita. Kinyozi aliupandisha darini kama anayembeba mtoto aliyelala.

Huko ndiko visa vilikoanza.

Jioni ya kwanza mota ilizunguka vizuri, halafu ikasimama kimya. Hapakuwa na cheche wala harufu. Kinyozi alifungua mkebe, akachungulia kwa tochi, akagusa waya huu na ule, akapima. Volti kumi na mbili, sawasawa. Akafunga, mota ikaanza tena. Baada ya muda ikasimama. Akafungua, ikapona. Ilikuwa kama mgonjwa anayesahau maumivu yake kila anapofika mlangoni kwa daktari.

"Umande," alisema moyoni. Darini kulikuwa na umande, na saluni hakukuwa nao. Tofauti nyingine hakuiona. Tangu jioni hiyo ya kwanza alikuwa ameuzungushia mkebe taulo safi la saluni, kwa mkono usiofikiri, vile alivyomzungushia kila mteja kabla ya kumgusa. Basi jioni ya pili akaongeza taulo la pili, akalibana kwa pini shingoni. Mota ikasimama mapema zaidi. Jioni ya tatu, la tatu. Ikasimama mapema kuliko zote.

Fundi redio alipelekewa mkebe, akaukagua juu ya meza yake, akaurudisha.

"Huyu mzima. Mgonjwa ni wewe."

Kinyozi alikuwa na hofu ya Jumamosi, lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kikimtekenya. Kwa nini chini mkebe uende na juu usiende? Kwa nini upone ukiguswa? Aliukokota mwisho wa waya huku na huko, akabadili soketi, akaipaka mota mafuta. Usingizini aliota kidude cheusi kikitembea kwa miguu yake mitatu.

Ijumaa dada mkubwa alifika mapema ili alale, asubuhi waondoke. Giza lilipoingia, yeye na mdogo wake walimpandisha mama darini, kidato kwa kidato, naye akisimama kila baada ya hatua chache kuwaeleza kwamba hajachoka. Wakamkalisha. Kinyozi alikwisha kuilenga Zohali, na mota ilikuwa ikinong'ona.

Mama alivua miwani. Alifuta jicho. Mota ikasimama.

"Sasa hivi, mama, sasa hivi," kinyozi alisema, jasho likimtoka.

"Umande huu utamuua mama," dada alisema. "Mpe picha aitazame, tushuke."

"Picha ninazo," mama alijibu. Kisha, akitafuta mahali pa kuwekea miwani, mkono wake ulitua juu ya furushi la mataulo lililokuwa karibu na kiti. Akauacha hapo kidogo. Akageuza mkono, akagusa kwa upande wa nyuma, vile anavyogusa paji la uso la mtoto.

"Nani huyu humu ndani?"

"Mkebe wa umeme, mama."

"Ana homa. Ana homa, nawe unamfunika?"

Kinyozi aliumulika mkebe kwa tochi yake. Kidude kinachogeuza ziada kuwa joto, na mataulo matatu juu yake. Kikipata moto kupita kiasi kilikuwa kikijizima chenyewe kisiungue, na kila alipofunua kukitafutia kasoro, kilipata upepo, kikapona. Ugonjwa na dawa vyote vilikuwa mikononi mwake. Alianza kucheka, akashindwa kuacha, huku akifungua pini na kuvua mataulo moja baada ya jingine.

"Ameshaharibika huyu," dada alisema.

Mama alichukua kipande cha boksi, akaupepea mkebe mwenyewe, hataki kusaidiwa. Mota ikaamka. Kinyozi akairudisha Zohali katikati, akamwinamisha mama taratibu.

Aliinama hivyo hivyo muda mrefu hata wakamwogopea.

"Mama?"

"Imeshikwa na nini hiyo pete?"

"Haijashikwa. Ni vipande vya barafu na mawe vinavyoizunguka."

"Vingi?"

"Hakuna anayejua idadi."

"Na havigongani?"

"Hugongana, nadhani. Sijui vizuri, mama."

"Tafuta ujue." Hakuondoa jicho. "Njoo wewe uone."

Dada aliinama kwa haraka ya mtu anayetimiza wajibu. Akakawia. Alipoinuka alimkazia macho mdogo wake.

"Umebandika kikaratasi humu."

Kinyozi akaisukuma darubini kidogo tu kwa kidole, akamwambia atazame tena. Sayari ilitetemeka, ikatulia. Dada alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

Mama alikuwa amekwisha kurudisha jicho mahali pake, boksi likiendelea kupepea mkononi.

"Kwako kuna uwanja?" alimuuliza dada.

"Upo, mama. Ndipo tunapoanikia nguo."

"Kamba mtazihamisha," mama alisema. Kwa kinyozi akaongeza: "Na wewe uje na darubini mwezi ujao. Mkebe huo njoo nao mkononi, usiufunike."