Noti za Chini za Nelsy Pájaro

Kila asubuhi, kabla hajabandika kahawa jikoni, Nelsy Pájaro hukaa mbele ya kinanda chake cha umeme na kubonyeza vibonye vyote sitini na kimoja, kimoja kimoja, kwa kidole kilekile cha shahada, kuanzia cha chini kabisa hadi cha juu. Sauti huipunguza mpaka ibaki mnong'ono, maana nyuma ya ukuta wa mbao amelala mama yake, Bi Eloísa, ambaye tangu apigwe na kiharusi, kelele humpasua kichwa.

Anachokitafuta ni usawa. Sauti za kinanda hicho amezitunga mwenyewe, na anajua sikio lilivyo na upendeleo: ukizipa noti zote nguvu moja, za chini hazisikiki na za juu huchoma kama sindano. Kwa hiyo kila noti huipa kipimo chake. Hizi huziongeza, zile huzipunguza, hadi zote zisikike kama zimetoka kinywa kimoja.

Kwa miaka kumi na miwili alipiga kinanda akifuatisha santuri za picó ya Dagoberto, ule mlima wa spika ambao mtaa mzima wa Olaya huuchezea muziki wa champeta kila Jumapili. Mwaka wa kumi na tatu Dagoberto alileta spika mpya, akataka na kinanda kiwe na sauti mpya kabla ya sikukuu za Novemba. Ikishindikana, alisema huku akiangalia pembeni, kuna kijana wa Barranquilla mwenye sauti zilizo tayari, na hupiga mwenyewe.

Jumapili ya kwanza, uani kwa Dagoberto, Nelsy aligusa noti ya chini na mabati ya jirani yakatetemeka. Alipopanda juu, noti za juu zilimezwa zote. Wanaume waliokuwa wakinywa bia kivulini waliangua kicheko.

"Nelsy, hicho ni kinanda au lori la kokoto?" mmoja wao aliuliza.

Nelsy alimwambia Dagoberto kwamba seremala wake ameunda maboksi ya spika makubwa mno.

"Santuri zangu zinapita humohumo bila shida, dada yangu," Dagoberto alijibu.

Akarudi nyumbani amenuna. Alipima upya wiki nzima, noti zikalingana kama meno ya chanuo. Jumapili ya pili, lori ni lilelile. Alibadilisha nyaya. Aligombana na seremala hadharani, kisha ikambidi aende kumwomba radhi. Tena akapima, tena zikalingana, na Jumapili ya tatu alimkuta Dagoberto ameshika kikaratasi chenye namba ya yule kijana.

Nelsy alikuwa katikati ya jaribio, jirani alipopaza sauti kuwa mtoto wake amelala. Dagoberto akapunguza mtambo. Vidole vya Nelsy vilikuwa bado vinatembea juu ya vibonye, na palepale noti zikalingana.

"Ongeza," alisema. Lori likarudi.

"Punguza." Likaondoka.

Akaondoa mikono kwenye vibonye. Kumbe sikio huzidharau noti za chini pale tu sauti inapokuwa ndogo. Ikiwa kubwa, halizidharau tena kiasi kile. Dawa aliyoipima kwa mnong'ono, uani ilikuwa sumu. Wiki tatu zimepotea, na seremala wa watu ametukanwa bure.

Aliomba saa moja kwa sauti kamili. Alipewa nusu saa, baada ya jirani kubembelezwa. Akaziondolea noti za chini karibu nyongeza yote aliyozipa, ameuma meno. Alipomaliza hakuna aliyecheka. Yule mwenye maneno ya kokoto aliinuka akaanza kucheza na kiti chake. Dagoberto alikunja kikaratasi akakirudisha mfukoni. Hakukitupa.

Kesho yake asubuhi, nyumbani, noti za chini zilisikika kwa mbali mno. Nelsy alizibonyeza hivyo hivyo, uso ameukunja. Yiseth, binti wa kaka yake anayesoma chuo na kuishi nao, alikuwa amesimama mlangoni. Jana yake jioni alikuwa amesimuliwa yote ya uani.

"Shangazi, kama kipimo cha hapa kinadanganya, mbona bado unazipiga?"

Nelsy alimalizia kwanza zile za juu.

"Bibi yako huzihesabu akiwa kitandani," alisema. "Nisipozipiga, huuliza kama nimefukuzwa kazi."