Gilasi ya Mbwa

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka wajukuu wanadhani uzee umenipanda kichwani. Ni siku marehemu mume wangu Wafula alipokuja kwetu Matulo na wazee wake kuniposa, na gilasi nusura zimkoseshe mke.

Wafula alikuwa mpishi wa mzungu mmoja kule Kitale. Mzungu alipouza shamba akarudi kwao, alimwachia gilasi za zamani zenye ukingo wa dhahabu, kila moja na picha yake: bwana juu ya farasi, mama na mwavuli, bata, mbwa wa kuwinda. Wafula akazifunga kwa nyasi ndani ya kikapu, akazipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Kipya kinyemi, wahenga walisema, na yeye kipya kilikuwa kimemlewesha kabla ya pombe.

Sasa kwetu, maneno ya mahari huzungumzwa watu wakizunguka chungu kimoja cha busaa, pombe yetu ya nafaka, kila mzee na mrija wake mrefu, wote wanavuta mle mle. Mtu akichomoa mrija wake kwa hasira, maneno yamekufa. Siku hiyo mirija ilikuwa tayari. Wafula akaisukuma kando.

"Wazee wangu, leo tukunywe kama watu wa Kitale," akasema, akaanza kuchota busaa kwa gilasi zake.

Mimi nilikuwa jikoni na nyanya yangu, aliyemzaa baba, tukichungulia. Nilimpenda Wafula, sikufichi. Nilikuwa nimeshakataa wachumba wengine kwa ajili yake. Nikaona mdogo wa baba anapewa gilasi ya farasi. Baba yangu, mwenye boma, mwenye binti, akapewa ya mbwa.

Baba akaizungusha mkononi. Akatazama ya ndugu yake, akarudi kwa yake.

"Ati ndugu yangu amepanda farasi, na mimi namfuata na miguu minne?"

"Si ni picha tu, mzee," Wafula akasema, jasho linamtoka.

"Na farasi pia ni picha tu. Mbona hukunipa?"

Baba mdogo, badala ya kumpa ndugu yake ile ya farasi, akaketi wima kama mtu aliyeshika hatamu. Baba akaweka gilasi chini, akasema huyo kijana arudi Kitale na ng'ombe wake. Nikaanza kulia hapo hapo jikoni.

Nyanya hakunibembeleza. Alitoka nje, akaokota ile gilasi ya mbwa, akapiga funda refu. Busaa bila mrija wa kuchuja ina machicha, na hayo machicha yakamganda juu ya mdomo, akawa na masharubu kuwashinda wazee wote.

"Mbwa ndiye analinda boma," akasema na masharubu yake. "Huyu wa farasi akiona mwizi si ataenda mbio?"

Baba alijaribu kukaza uso, akashindwa. Alicheka mpaka akashika mbavu, na wazee wote wakacheka isipokuwa baba mdogo. Nyanya akamimina pombe yote chunguni, akampa kila mtu mrija.

"Keti chini, kijana," akamwambia Wafula. "Kwa chungu hakuna mtu wa farasi."

Kabla jua halijatua nilikuwa nimeposwa. Na siku ya harusi, unajua baba alimuuliza nini mkwe wake pembeni? "Ile ya farasi iko wapi?" Mpaka alipofariki, baba alinywea humo maziwa mala, yale ya kuganda, ameketi wima.

Kwa hiyo, mwanangu, vitu vizuri sikukatazi. Vinunue, vioshe, vipange kabatini watu waone. Lakini siku umeita watu wapatane, usiwape kitu cha kumfanya kila mmoja achungulie cha mwenzake. Wape kimoja wakizunguke. Na ukikosea, kama Wafula wangu, omba pawe na bibi mzee jikoni.

Mungu akupe chungu kisichokauka na watu wa kukizunguka. Na akikujalia gilasi, basi zote ziwe za farasi.